Chama cha Wauguzi na Mgongo wa Baba

Mama, fundi cherehani, alikuwa akipiga pasi sare za wateja aliposikia hodi. Alikuwa binti yake, mwanafunzi wa uuguzi. Amerudi likizo, anacheka peke yake.

"Mama, nimechaguliwa kuingia chama cha heshima cha wauguzi! Kuna sherehe ya kutupokea!"

"Heshima?" Mama aliitua pasi kwa kishindo. "Baba yako amepooza, mgongo umeanza kutoa kidonda, wewe unaniletea habari za heshima? Huendi!"

Binti alikimbilia chumbani. Alipomfunua baba, machozi yakamtoka. Kutwa kucha mzee alilala chali. Mama aliona kumsumbua mgonjwa kwa kumgeuzageuza ni ukatili. Loo, huruma nyingine!

Binti akamwita jirani, muuguzi mkongwe, ambaye watu walimwita Sista Miwani. Alisafisha kidonda, akamlaza mzee ubavu, akamwekea mto mgongoni.

"Kidonda hiki kionwe zahanati kesho," alimwambia Mama. "Na umgeuze, dada. Kitandani kila baada ya saa mbili. Kwenye kiti, mapema zaidi."

"Nani amekufundisha haya?" Mama aliuliza.

"Wauguzi wenzangu. Hawakukubali kwamba vidonda hivi ni bahati mbaya tu. Walichunguza, wakapima, wakaandika. Chama anachoitiwa mwanao kinawasaidia wauguzi kufanya uchunguzi wa namna hiyo. Hata mimi ni mwanachama."

"Kilianzishwa na madaktari wakubwa, eh?"

"Wapi! Wasichana sita, wanafunzi wa uuguzi kama huyu wako, miaka zaidi ya mia iliyopita. Siku hizo wengi walimwona muuguzi ni mtumishi wa daktari. Wao wakasema muuguzi ana elimu yake, anaweza kuuliza na kuongoza. Leo wanachama wako nchi nyingi."

Mama alishika mdomo. Wasichana sita! Akamtazama mumewe, amelala ubavu, anapumua kwa raha. Akamgeukia binti.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Utakwenda. Na nguo nitakushonea mimi."

Tangu hapo alimgeuza mzee bila kukosa. Kidonda kikakauka, kikafunga. Siku ya sherehe walikwenda wote, mzee kwenye kiti cha magurudumu.

Katikati ya hotuba Mama akatazama saa. Akainuka, akamwegemeza mumewe upande wa pili.

"Hata hapa hunipi raha?" mzee akanong'ona.

Mama akageuka. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama. Aibu ikamshika, akaanza kuomba radhi.

Mzungumzaji akaweka karatasi chini. Sista Miwani akasimama, kisha binti, kisha wauguzi wote. Wakampigia makofi fundi cherehani.