Aliyoliambia Roboti

Saa ya chakula cha mchana, kantini ya chini ya jengo la maduka ilikuwa imefurika. Watu walisimama na sahani mikononi wakitafuta pa kukaa, vijiko vinagongana, mpishi anaita namba kwa sauti iliyokwaruza. Binti msusi alikuwa kwenye kona yake ya kila siku, kiti cha mwisho karibu na sinki. Hakuna aliyekipenda kiti kile kwa sababu maji yalikuwa yanarukia. Yeye alikipenda kwa sababu pale hakuna aliyemsemesha.

Siku hiyo viti vingine vyote vilijaa. Kijana wa shati la kijani, mikono ameikunja hadi viwikoni, nywele zimelowa kama mtu aliyetoka kuoga, akaweka kikombe chake cha chai mbele yake.

"Hujambo, dada?"

Binti akainua macho. Kijana alikuwa na mwanya, na alipotabasamu mwanya ule ulionekana wote. Ulimi wa binti ukawa mzito, na jibu lililomtoka lilimshangaza hata yeye mwenyewe.

"Asante."

Kijana alikuwa ameinua kikombe anywe, kikabaki hewani. "Asante?"

"Asante," akarudia, maana lilikwisha toka. Akanyakua mkoba wake, akapanda ngazi mbio, chakula amekiacha nusu. Njia nzima masikio yalimwaka moto.

Saluni aliyofanyia kazi ilikuwa ghorofa ya kwanza, imetazamana na duka la simu. Wiki hiyo duka lilikuwa limeweka roboti mlangoni. Lilikuwa refu, la rangi ya fedha, kichwa kama ndoo iliyopinduliwa, macho mawili ya taa za bluu. Lilipunga mkono, likainama, likasema kwa sauti ya puani: "Karibu, mpendwa mteja." Mtu akiliuliza bei, lilijibu: "Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

Tangu lije, saluni haikuwa na mazungumzo mengine.

"Mle ndani kuna mtu," alisema mlinzi wa jengo, ambaye kila siku alikuja kuchaji simu yake pale na kusahau kuondoka.

"Mtu gani atasimama kutwa bila kwenda chooni?" mama mwenye saluni akamkatiza. "Ile ni mashine, baba. Imetoka nje."

"Nje wapi?"

"Nje! Unataka nikupe na namba ya nyumba?"

Mhasibu wa ofisi za juu alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "Mnagombania ndoo nyie," alisema. "La kuogopwa si hilo roboti. La kuogopwa ni hizi kampuni za programu. Tatu, nne tu, zimeishika dunia hivi." Akakunja ngumi. "Ramani zao, barua zao, picha zako wanazo wao. Juzi nimesema kwa mdomo tu, natafuta viatu vya harusi ya mdogo wangu. Kufungua simu, viatu! Tena saizi yangu."

"Ukafanyaje?"

"Nikavinunua. Vilikuwa vizuri."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Mlinzi akamgeukia mama mwenye saluni. "Na roboti likijua kusuka, utakula wapi?"

"Lije. Nitaliuliza kwanza kama linajua umbea. Unadhani mteja analipia kusukwa tu?"

Binti msusi alicheka chinichini, vidole vikiendelea na kazi. Angekuwa na ulimi kama wao angechangia. Lakini mbele za watu maneno yake yalikuwa yanajificha, na yakitoka yanatoka yasiyohusika, kama lile "asante". Akikumbuka, uso ulimshuka upya.

Yeye ndiye aliyefungua saluni asubuhi, kabla ya wengine. Kesho yake ukumbi ulikuwa mtupu, milango ya chuma imeshushwa, lakini roboti lilikwisha simama mahali pake. Akalitazama. Akatazama huku na huku. Akajipa moyo.

"Hujambo?"

Roboti likapunga mkono.

"Sijambo," akajijibu mwenyewe. "Umeona? Mbona rahisi! Sasa jana kijana wa watu ananisalimia, mimi nampa asante. Asante ya nini? Kanipa nini?"

Mabega ya roboti yakatikisika.

"Usiniharibikie hapa. Sijui kukutengeneza."

Ikawa desturi yake. Kila asubuhi alisimama mbele ya roboti akizungusha funguo za saluni vidoleni, akafanya mazoezi ya kuongea. Na mazoezi yakazaa mazungumzo. Aliliambia kwamba aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua na wadogo zake wakakosa wa kuwapikia. Aliliambia kwamba kusoma kunampa taabu, mteja akimwandikia jina la mtindo yeye husema, "Nionyeshe picha, ndiyo nitaelewa vizuri," na hakuna aliyewahi kugundua. Aliliambia jina alilopewa na marehemu bibi yake, jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

"Aliniita Tone. Alisema maneno yangu yanatoka tone moja moja." Akashusha pumzi. "Na yule kijana wa shati la kijani, nikimwona magoti yanakuwa maji. Usimwambie mtu."

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

"Thubutu!" Akakimbilia saluni huku anacheka.

Siku chache baadaye kijana wa shati la kijani alirudi kwenye ile meza ya sinki. Safari hii hakusalimia. Aliweka mezani paketi ya biskuti za tangawizi, akakaa, akanywa chai yake kimya hadi ikaisha, akaondoka. Siku iliyofuata akafanya vilevile. Siku ya tatu alikuwa amesahau kunywa, na binti akajikuta anasema:

"Chai yako inapoa."

"Niache ipoe," alijibu kijana. "Hayo maneno nimeyangoja kuliko chai."

Alipoomba namba ya simu aliongeza, "Nitakupigia, au nitakutumia sauti. Kuandika mimi mvivu sana." Binti akahisi mzigo umemtoka mabegani. Alijiona ana bahati isiyo na kifani.

Mapenzi yakapamba moto. Jioni simu iliita kabla hajavua viatu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Maneno yako yana bei ghali, wewe."

"Nauza rejareja. Wa jumla hawanifai."

Jumapili walitembea madukani. Yeye alivaa gauni lake la njano lenye vifungo vyeupe kutoka shingoni hadi magotini, alilolishona mwenyewe. Kijana akavaa shati lile lile la kijani, limepigwa pasi hadi linang'aa. Binti alimuuliza anafanya kazi gani. Kijana akatazama kando kidogo.

"Niko kwenye mambo ya roboti."

"Unayatengeneza?"

"Nayaendesha."

Binti alijivuna, akatamani kumwambia mtu. Asubuhi akaliambia roboti. Siku hiyo roboti halikupunga mkono.

Mambo yaliharibika miezi kadhaa baadaye, mchana mmoja wa joto kali. Umeme ulikatika, ukumbi ukawa giza, watu wakatoka madukani wakijipepea. Macho ya bluu ya roboti yaliendelea kuwaka, mkono ukaendelea kupunga.

"Mnaona!" akasema mama mwenye saluni. "Lina betri yake."

"Hata mimi sijazimika," alijibu mlinzi, "na sina betri."

Hapo roboti likayumba. Likashika mlango, likaukosa, likaangukia maboksi ya simu kwa kishindo. Mlinzi akawahi, akakizungusha kichwa kikang'oka. Ndani mlikuwa na nywele zilizolowa jasho, kola ya shati la kijani, na midomo iliyokauka. Macho yakafunguka, yakatafuta katikati ya watu, yakampata binti msusi.

"Tone," kijana akanong'ona.

"Nilisema!" mlinzi alipaza sauti. "Nilisema ni mtu!" Watu wakavunjika mbavu, simu zikainuliwa kupiga picha.

Binti hakusikia kicheko. Alisikia sauti yake mwenyewe, asubuhi zote zile. Darasa la tano. Nionyeshe picha. Magoti yanakuwa maji. Alihisi kama amesimama ukumbini bila nguo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akarudi saluni, akashika kitana, na kwa mara ya kwanza akasuka mstari uliopinda kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni.

Tangu siku hiyo hakupokea simu. Kantini hakutia mguu. Alipanda kwa ngazi za nyuma ili asipite mbele ya duka. Duka halikumfukuza kijana, maana wateja waliongezeka kuja kumwona. Walimwita Bwana Ndoo, wakamgonga kichwani kama mlango. Binti aliyaona hayo kupitia pazia la saluni, na aibu yake ikachanganyika na nyingine asiyoijua ni ya nani.

Mhasibu alirudi kusukwa upya. Mama mwenye saluni alikwisha mweleza kila kitu kabla hajafungwa taulo shingoni.

"Ni walewale tu," mama alimalizia. "Kampuni zinasikiliza, naye kasikiliza."

"Kampuni ikinisikiliza inaniuzia viatu," alisema mhasibu, akamtafuta binti kwenye kioo. "Huyu alikuuzia nini, mdogo wangu?"

Binti aliendelea kusuka. "Uongo. Alisema anaendesha roboti."

"Kwani alikuwa haliendeshi?"

Mama mwenye saluni akacheka hadi akashika ukuta. Binti hakucheka, lakini swali lilimganda. Jioni alikaa kitandani na simu, akafungua jumbe za kijana kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Zote zilikuwa za sauti. Akarudi nyuma, hadi za mwanzo kabisa. Sauti tupu. Miezi yote ile hakuwahi kumwandikia hata neno moja. Hakuwa mvivu. Alikuwa amesikia, na alichokisikia alikitumia kumstiri.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa mfupi. "Sikuombi unisamehe. Nakuomba usipite ngazi za nyuma. Taa yake mbovu, utaanguka."

Asubuhi akapita ngazi za mbele.

Kijana alikuwa amekaa juu ya boksi, mwili wa fedha umefika kiunoni, kichwa cha roboti kiko mapajani. Alipomwona akasimama, macho chini.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza binti.

"Nikifungua mdomo humu ndani, sina kazi. Ndivyo nilivyokubaliana na bosi."

"Na kantini? Kantini ulikuwa na kichwa chako mwenyewe."

Kijana akakigeuza kichwa cha roboti mikononi. "Niliona haya," akasema.

"Wewe? Mimi niseme nini?" Kisha akakata kauli. "Vua."

"Nivue nini?"

"Hilo. Lete hapa."

Alilivaa juu ya gauni lake, likamfika hadi kwenye visigino na kuzidi. Akakivaa na kichwa. Ndani kulikuwa na joto, harufu ya jasho na plastiki. Pa kuchungulia palikuwa upenyo mwembamba tu mdomoni mwa roboti, na kupitia hapo aliona kifua cha kijana na mikono yake, basi. Kumbe asubuhi zile kijana hakuwahi hata kuuona uso wake akiongea. Aliona tu funguo zikizunguka vidoleni mwake.

"Sasa sema," alisema kutoka ndani. "Mimi mashine. Mashine haimcheki mtu."

Mikono ya kijana ikakamatana.

"Nilikuwa na kazi ofisini. Tulikuwa watu kumi na wawili, tunaingiza taarifa za wateja kwenye kompyuta. Wakanunua programu, ikamaliza kazi yetu yote kabla ya saa ya chai. Mashine ikachukua kazi yangu, nami nikachukua kazi ya mashine." Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Mama anajua mimi ni mhandisi. Anawatambia majirani. Nikienda nyumbani namdanganya hadi chakula kinanikwama." Mikono ikaachana, ikashikana tena. "Siku ya kwanza uliponisemesha nilitaka kuvua kichwa. Siku ya pili nilitaka kusikia tena. Siku ya tatu nilijua nimekuwa mwizi, na sikuacha."

Milango ya chuma ilianza kupandishwa. Kupitia upenyo binti aliona viatu vya mlinzi vikisimama, kisha kandambili za mama mwenye saluni. Mikono ya kijana ikashika pindo la shati, alikuwa amewaona. Lakini hakunyamaza.

"Nataka kukupeleka kwa mama. Nitamwambia kazi yangu, mbele yako. Na nataka kukuoa, kama bado unanitaka."

Kidole gumba cha binti kilipapasa ndani ya glavu, kikakuta kitufe cha sauti, kikabonyeza.

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

Mlinzi akapasuka kwa kicheko. Kijana akashusha pumzi, akarudia, safari hii kwa sauti zaidi.

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

"Mwanangu, paza sauti," mama mwenye saluni akamshauri. "Mashine hizi za nje nzito masikio."

Kijana akapaza. "Nataka kukuoa!" Ukumbi mzima ukasikia. Watu wakachungulia kutoka madukani, mwenye duka la simu akatoka na kikombe cha kahawa mkononi akabaki mdomo wazi.

Binti akakizungusha kichwa, akakivua. Nywele zilikuwa zimemganda usoni, jasho linamtiririka, na macho ya watu wote yalikuwa juu yake. Siku nyingine angekimbia. Alimtazama kijana, mwanya wake, macho yake mekundu, mikono isiyojua pa kwenda.

"Sijambo," alisema.

"Hilo nalo ni jibu gani?" akauliza mlinzi.

Lakini kijana alikuwa ameziba uso kwa viganja, anacheka na kulia kwa pamoja, mabega yakimtikisika kama yale ya roboti asubuhi ya kwanza.