Mnyororo Usio na Kigingi cha Mwisho

Kicheko cha mtoto kilichelewa. Jambo dogo hilo, hata wewe ungelipuuza. Baba alitania akiwa sebuleni, binti yake akiwa chumbani kwake mwisho wa korido, na kicheko kikaja baada ya pumzi mbili nzima.

Baba huyo alikuwa mpima ardhi, na kila mtu alimwita Mpima. Binti yake wa mwisho walimwita Kitinda. Jumamosi hiyo mwalimu wake, Mungu amsamehe, alikuwa amewapa kazi ya nyumbani: vipimo vya wapima wa kale vigeuzwe kuwa masafa ya mbinguni. Mpima akafurahi kama kaalikwa harusini. Akautoa stoo mnyororo wake wa zamani wa chuma, pingili mia moja, futi sitini na sita. Akapigilia kigingi kwenye ufa wa sakafu ya sebule, akautandaza koridoni, na sehemu iliyobaki akairundika kizingitini kwa Kitinda.

"Ardhi imekwisha, sasa unapima mbingu?" mkewe akamcheka.

"Kitinda, andika! Mpaka kwenye jua ni minyororo bilioni saba na milioni mia nne na ushee. Mwaka mmoja wa nuru ni trilioni mia nne na sabini. Haya, wa mbele, endelea!"

Hapo ndipo alipokosea. Kazi ya mnyororo ni ya watu wawili: wa nyuma hushikilia kwenye kigingi, wa mbele huuvuta. Akiambiwa "Endelea" huenda, wala hasimami mpaka asikie "Kigingi!" Ndiyo maana wapima hawasemi "Endelea" kama mbele hapana mtu. Mpima alilijua hilo tangu ujanani, lakini mzazi akitaka kumchekesha mwanawe, akili humruka.

Kicheko kikaja, kimechelewa. Kisha lile rundo la kizingitini likaanza kufunguka lenyewe, pingili baada ya pingili, likasugua sakafu taratibu. Harufu ya kutu na chuma cha moto ikajaa nyumba.

"Kitinda, acha kuvuta!" mama akasema.

"Sivuti mimi, mama." Jibu lilifika wakati mama keshakaa na keshainuka.

Mchana walimwita aje kula. Wakala, wakamaliza, wakaondoa vyombo, ndipo sauti yake ikasema, "Nakuja!" Akatokea mlangoni, akaanza kutembea kuwajia, akatembea, akatembea, wala hasogei. Mpima akakimbia kumfuata, mkewe akimdaka mkanda wa suruali, akakimbia mpaka shati likaloa na kifua kikamuwaka, akageuka nyuma ahesabu alipofika, akamkuta mkewe yuko pale pale, mkono wake bado umemshika mkanda. Akatoka nje, akazunguka, akavunja dirisha la chumba. Kitanda kipo, daftari lipo, mtoto hayumo, na mlango wa chumba umefunguka kwenye korido ya giza ambayo hakuona mwisho wake, na ndani kabisa ya giza lile mlio wa chuma kinachoburuzwa na mtu asiyechoka.

Jumatatu asubuhi mkewe alimleta mganga, mwanamke mwenye sauti kavu na haraka zake. Akanusa hewa, akatema mate pembeni.

"Ulimwambia nani aendelee?"

"Nilikuwa namtania mtoto," Mpima akanong'ona.

"Ala! Jini hajui utani, baba. Umempa kazi, anaifanya. Msimamishe kwa desturi ya kazi yenu."

Mpima akashika ncha ya nyuma, na mganga akaanza kusoma kwa sauti ya chini, akasoma mpaka kuta zikatoa jasho na harufu ya chuma ikawakaba koo, mpaka mama akapiga magoti akiziba masikio, mpaka mlio ule ukawa karibu kama uko ndani ya meno yao wenyewe, ndipo Mpima akapiga ukelele uliomchana koo: "Kigingi!"

Kimya. Harufu ikakatika.

"Ameondoka," mganga akasema, akifunga mkoba. "Harudi tena."

"Na mwanangu?"

"Jini nimemtoa. Urefu alioutandaza si kazi yangu. Kunja mnyororo wako."

Mpima akapiga hesabu kwa yale majibu yaliyokuwa yakichelewa. Nuru, na sauti pamoja nayo, ilikuwa inamaliza siku nzima kufika kwa Kitinda. Siku moja ya nuru ni minyororo trilioni moja na karibu bilioni mia tatu. Akashika pingili ya kwanza, akakunja. Akashika ya pili.

Kitinda alikuwa amesimama pale mlangoni, na gauni lake la Jumamosi, midomo imekauka.

"Mbona amesimama tu?" mama akauliza. "Kitinda! Mama huyu hapa!"

"Tunayemwona ni wa jana, mke wangu."

"Na wa leo?"

Mpima akashika pingili ya tatu. Midomo ya mtoto ikacheza, na sauti yake ya jana ikawafikia, ndogo, imechoka kulia.

"Baba, nimekukosea nini? Mbona hamniiti tena?"

"Tunakuita, mwanangu!" Mpima akalia kwa nguvu zake zote, huku akijua kwamba neno hilo atalisikia kesho, saa kama hii, kama atakuwa bado hai.