Harusi ya Rangi ya Shampeni

Tangazo rasmi kwa wapendanao wote wa Kitale, Bungoma na viunga vyake: simulizi hii imeandikwa na mtu mwenye moyo wa jiwe, asiyetikiswa na mapenzi, aliyelia mara moja tu tangu aingie sekondari, na siku hiyo alikuwa akimenya vitunguu jikoni mwa shule kama adhabu. Sasa tuendelee kwa heshima.

"Shampeni?" Mzee Nderitu aliuliza, kofia mkononi, nje ya kanisa lao kule Saboti. "Wacera, nimesikia vizuri?"

Alikuwa amesikia vizuri. Kanisa zima lilikuwa limesikia. Muturi, mwenyekiti wa kamati ya harusi, alikuwa ametoka kutangaza kwa sauti ya mnada kwamba Wacera na Khisa wataoana Agosti, na rangi ya harusi ni shampeni. Kina mama waliguna. Mzee Nderitu, mzee wa kanisa anayehubiri dhidi ya pombe ya chang'aa kila baada ya mavuno, alibaki kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Baba, ni jina tu la rangi. Pinki iliyopauka, yenye dhahabu kidogo..."

"Uliniambia ni waridi."

Wacera akatazama viatu vyake.

"Mimi sitamshika mkono mtu aliyevaa pombe nimpeleke madhabahuni," mzee alisema. "Badilisha, ama utafute mwingine wa kukutembeza."

Jioni Khisa, mchumba wake, mwalimu kule Bungoma, akapiga simu.

"Sasa, mpenzi?"

"Si poa. Baba amekataa rangi."

"Amekataa vipi? Si ulimwambia mama yangu ati mzee ameikubali?"

Wacera akahamishia simu sikio la pili.

"Wacera, Mama ameshashonea shangazi zangu wote. Soko lote la Chwele linajua. Hana binti, bana. Hii ndiyo harusi pekee atakayoichagulia rangi. Ukamdanganya?"

"Niliogopa kuwaudhi wote wawili."

"Na mimi je? Siku ukiogopa kuniudhi, utaniambia nini?"

Simu ikakatika, na si kwa kuishiwa kredit. Baadaye ujumbe ukaingia: "Ongea na mzee ukweli, kisha uje uongee na Mama. Rangi yoyote, niko. Uongo, siko."

Asubuhi Wacera alimfuata baba yake shambani, kipande cha kitambaa mkononi.

"Baba, nilijua ni shampeni tangu mwanzo. Nilisema waridi ndio usikasirike. Kwa hilo nigombeze. Lakini kitambaa hakijakosa. Kiangalie kwanza."

"Sitaki kukiona."

"Hata mbegu hununui bila kufungua gunia."

Mzee akakipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye maziwa. Akakigeuza juani. Kisha akavuta hindi changa lililokuwa karibu. Nywele zake zilikuwa ndiyo kwanza zinatoka, laini, si nyeupe, si pinki, zikimeta umande. Akaweka kitambaa kando yake. Akakitazama mpaka Wacera akaanza kuogopa.

"Nani alichagua hii?"

"Mama Khisa. Anauza mahindi Chwele."

"Hm." Mzee akakohoa. "Hii rangi ikitokea, marehemu mama yako alikuwa anaimba. Alijua mwaka huo tutakula."

"Kwa hivyo, Baba?"

"Nguo zibaki. Jina libadilike. Na utaenda kumwambia huyo mama wewe mwenyewe, si kwa simu." Akalivunja lile hindi na kumpa. "Mpelekee."

Mama Khisa, jina lake Nanyama, alimpokea Bungoma mikono kiunoni.

"Wachela," alimwita kwa lafudhi ya kwao, "ulinichezea."

"Ndiyo, Mama. Naomba unisamehe."

"Mimi hiyo shampeni sijawahi hata kuionja! Jina tu lilinipendeza. Lilikuwa kama harusi ya watu wakubwa."

Wacera akamkabidhi hindi, akamweleza ya shambani. Nanyama akaziweka zile nywele juu ya bega la gauni lake jipya, akazikagua kwa jicho la mtu wa soko.

"Ala! Kumbe nimewavalisha shangazi za Khisa mahindi!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwambie baba yako amenishinda. Lakini keki nachagua mimi."

Khisa alikuwa amesimama mlangoni.

"Na wewe," Wacera alimuuliza, "umenisamehe?"

"Nijibu kwanza. Hili shati langu unalionaje?"

"Nikuambie ukweli?"

"Ukweli."

"Ni baya, Khisa. Linafanana na pazia la zahanati."

"Haya basi," Khisa alisema, akitabasamu hadi masikioni. "Sasa tunaoana."

Agosti ikafika. Mzee Nderitu alimshika binti yake mkono, leso ya kitambaa kilekile ikichungulia mfukoni mwa koti, na Muturi akanguruma: "Rangi ya harusi, nywele za mahindi!" Shangazi kutoka Bungoma wakajibu kwa vigelegele hadi mchungaji akaomba dakika moja ya utulivu. Mwandishi wenu alikuwa benchi la tatu, macho makavu kama barabara ya Januari.

Ndivyo nilivyokusudia kumalizia. Lakini jana binamu yangu Wacera alileta video ya harusi, akaisimamisha mbele ya ukoo wote.

"Ebu mwangalie huyu," alisema. "Nani anapangusa kamasi kwa utepe wa gari la maharusi?"

Ni mimi. Na hapakuwa na kitunguu hata kimoja.