Watazamaji wa Viti vya Mbele

Jua lilikuwa limeshagusa mabua ya mpunga na Pikun bado anapanga viti. Viti vya plastiki, safu tatu, vyote vimeelekea shuka kubwa jeupe lililotundikwa kwenye nguzo mbili za mianzi. Mbele ya kila kiti aliweka chupa ya soda nyekundu, imefunguliwa, mrija ndani.

"Mrija uelekee kitini," mama yake alimwambia. "Wewe ukiletewa chupa imekupa mgongo utafurahi?"

"Kwani hao midomo wanayo, Mama?"

"Panga viti, mwanangu. Usinitie maneno jioni hii."

Pikun akacheka. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe haikutokana na viti. Miaka kumi na miwili alikuwa Bangkok akihangaika na kazi ya filamu, na mama yake, Bi Bunma, hakuwahi kumuuliza hata mara moja anatengeneza nini huko. Aliuliza kama amekula. Aliuliza kama amepata mume. Basi! Sasa filamu yake imetoka, imepata tuzo, imeandikwa magazetini, na wiki iliyopita mama akampigia simu asubuhi na mapema. Mtoto wa kaka yake Pikun alikuwa anaungua na homa, na mama ameweka nadhiri kwa Bibi wa Bwawa, mzimu wa bwawa la kijiji: mtoto akipona, Bibi ataonyeshwa sinema.

"Lete hiyo ya kwako," mama alisema. "Nataka kuiona."

Nataka kuiona. Pikun alikuja na maneno hayo ndani ya basi saa nane nzima, kama mtoto aliyepewa peremende akaogopa kuimaliza.

Nadhiri za sinema kijijini hapo ni jambo la kawaida. Viti vya mbele ni vya wenyewe, wasioonekana. Watu hukaa nyuma, kwenye mikeka. Mzee Sawat, mwenye projekta, alikuwa amewaonyesha sinema wasioonekana miaka thelathini, na ladha yao alidai anaijua.

"Umeleta ya ngumi?" alimuuliza Pikun.

"Hapana, Mjomba. Ya mwanamke anayejitafuta."

"Kapotelea wapi?"

"Ndani yake mwenyewe."

Mzee akajikuna kisogo. "Haya bwana. Mwaka juzi niliwawekea ya mapenzi, wakaangusha viti vyote. Wasipopenda wanasema."

"Na wakipenda?"

"Wakipenda hunywa."

Pikun hakujali. Kama ni kukataliwa, Bangkok alikataliwa mpaka akazoea. Kuna waliotoka ukumbini katikati. Kuna waliolia wasijue wanalia nini. Mmoja aliandika kwamba hajawahi kulala usingizi mtamu namna ile. Na kila mwandishi alimuuliza swali lile lile: mwanamke anatembea kinyumenyume, anashona nywele zake kwenye mlango, ndiyo nini? Pikun alikuwa na jibu moja tu, akalitoa magazetini na redioni. Hakuna aliyenifundisha. Yote yametoka ndani yangu. Nilipoimaliza filamu hii ndipo nilipojijua.

Mama akawasha vijiti vya udi, akaunganisha viganja usoni, akanong'ona kitu kirefu. Kisha akaenda kukaa nyuma kabisa, penye giza la mianzi, badala ya kukaa karibu na mwanawe. Pikun aliliona hilo, likamchoma kidogo.

Filamu ikaanza.

Kwenye shuka, mwanamke asiye na jina akatokea shambani, akitembea kinyumenyume. Pikun alisubiri wanakijiji wacheke. Alisubiri miayo. Alisubiri hata mtu aseme, "Huyu kalewa?"

Kimya.

Watu zaidi ya arobaini, hakuna aliyekohoa. Halafu, nyuma ya sikio lake, sauti ya Bi Kam, mkunga mzee kuliko wote pale, ikanong'ona kwa jirani yake: "Sasa atashika sindano."

Mwanamke kwenye shuka akashika sindano.

"Atashona nywele mlangoni. Upande wa kushoto."

Akashona. Upande wa kushoto.

Pikun akageuka. "Bi Kam... umeiona wapi hii?"

"Nimeiona nini?"

"Filamu. Haijaletwa mkoa huu."

"Filamu gani, mjukuu wangu?" Bi Kam alimkazia macho. "Haya ni ya Bibi. Mama yangu alinihadithia nikiwa mwali, na hadithi hii wanaume hawaambiwi. Alitembea kinyumenyume ili waliomnunua wasijue nyayo zimeelekea wapi. Akajishona mlangoni kwao wasimtoe. Wakazikata nywele, wakamtia bwawani." Akatema mate mekundu ya tambuu pembeni ya mkeka. "Wewe umeambiwa na nani?"

Hakuna aliyenifundisha... Jibu lilikuwa pale pale ulimini, na kwa mara ya kwanza Pikun aliliogopa.

Hapo ndipo harufu ilipokuja. Harufu ya matope, ya maji yaliyolala muda mrefu bila kuguswa. Ilizima udi wote. La kuvunda halina ubani, na kweli lile lilikuwa limevunda.

Kisha sauti.

Fyooo... fyooo...

Pikun alitazama safu za mbele. Soda zilikuwa zinashuka. Chupa zote kwa pamoja, polepole, na mirija inatetemeka.

Mzee Sawat alikuwa ameishika projekta kwa mikono miwili kama anaizuia isikimbie. "Miaka thelathini," alinong'ona. "Hawajawahi kunywa wote. Binti, umewaletea nini?"

"Mwisho ni mzuri, Mjomba," Pikun alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba. "Ananawa uso bwawani, anatoka, anapanda basi. Anaondoka zake. Anakuwa huru."

"Basi?" Bi Kam alidakia nyuma. "Hakuna basi. Anatoka majini, anakuja kwa watu wake."

"Nimeutunga mimi mwisho huo! Mimi!"

"Haya. Tazama basi."

Kwenye shuka, mwanamke aliinama majini akanawa. Akanawa mpaka uso ukaanza kubanduka, kama Pikun alivyoupanga. Akainuka. Barabara ilikuwa kulia. Pikun alikumbuka alivyosimama pale na kamera, jua likimchoma, wakilingoja lile basi la bluu.

Mwanamke hakugeuka kulia.

Alitembea mbele, akiwajia. Akazidi kukaribia. Uso ukajaa shuka lote kutoka nguzo hadi nguzo, na haukuwa uso wa yule mwigizaji aliyemlipa.

Ulikuwa uso wa Pikun.

Alirukia waya wa projekta, akauchomoa.

"Usizime!" Mzee Sawat alilia. "Wee! Hawajamaliza!"

Giza. Fyooo ikakatika mara moja. Kiti kimoja cha mbele kililia, krrr, kile kilio cha plastiki mtu anapoondoa uzito wake.

Pikun hakungoja kuona nani kainuka. Alikimbilia nyuma, anapapasa, anaita, "Mama! Mama!" Akamkuta kwenye mianzi, amejikunja, viganja usoni.

"Mama, twende. Twende nyumbani."

"Ulikuwa na miaka sita," mama alisema kwa sauti ndogo, bila kuondoa viganja. "Homa siku tisa. Hata maji ulikuwa huyamezi. Nikaja hapa peke yangu. Nikamwambia Bibi, mwache aishi, na siku atakapojijua mwenyewe, awe wako."

"Umesema nini?"

"Nilidhani nimemhadaa Bibi, mwanangu! Nani kati yetu amewahi kujijua? Mimi? Bibi yako? Tunazaliwa, tunapanda mpunga, tunazaa, tunakufa. Nilijua siku hiyo haiji. Halafu nikakusikia redioni, unajitapa, nimejijua, nimejijua... Siku hiyo hiyo mtoto wa kaka yako akaanza kuungua."

Pikun alimshika mama bega. "Homa ilishuka lini?"

Mama akazidi kujikunja.

"Nakuuliza, Mama. Ilishuka lini?"

"Uliposema utakuja."

Jamani! Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani humkagua mama yake? Hofu yote ilimtoka Pikun, ikabaki hasira, hasira ya mtoto mdogo aliyeachwa sokoni. "Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia tu! Ningekimbia!"

"Ungekimbia," mama alisema. "Ndiyo maana sikukuambia."

Nyuma yao nyasi zilikuwa zinalia, hatua moja, hatua moja. Pikun hakugeuka. Kulikuwa na jambo moja alilotaka kulijua kuliko hata hizo hatua, na aliona aibu kwamba bado analitaka.

"Ulisema unataka kuiona filamu yangu. Umeiona? Hata kidogo?"

"Nilifumba macho," mama alisema. "Tangu mwanzo. Ningewezaje kutazama?"

Hatua zikafika mgongoni. Zikasimama. Kitu cha baridi kilimpitia Pikun kutoka kisogoni hadi nyayoni, kama mtu aliyepita mlango wa nyumba yake mwenyewe. Halafu basi. Hakuanguka. Hakupiga kelele. Harufu ya matope ikakatika, udi ukarudi kunukia, na mtu mmoja akawasha tochi ya simu.

Alijipapasa haraka. Pua ni ile ile. Kovu la kidevuni, lile alilolipata alipoanguka na baiskeli, lipo. Jina lake alilikumbuka, na namba ya chumba chake Bangkok, na rangi ya lile basi. Alikuwa yeye. Alikuwa yeye mzima mzima, akataka kucheka kwa jinsi alivyojitisha bure.

Ndipo mama akaondoa viganja, akamtazama kwenye mwanga wa tochi.

Akapiga magoti.

Mama! Mzazi kumsujudia mwana, wapi duniani kumeonekana? Bi Bunma aliinama mpaka paji likagusa udongo. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nyuma yake Bi Kam akashuka naye, na Mzee Sawat, na mikeka yote, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumtazama Pikun machoni.

"Mama, inuka," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Inuka basi. Ni mimi. Ni Pikun."

Mama alikuwa analia pia, mabega yanatikisika, lakini paji halikutoka ardhini.

"Ndivyo wazee walivyoniambia utasema, Bibi."