Kilichoonekana Kwenye Helmeti

"Rudisha nyuma."

"Nirudishe mara ngapi, ndugu yangu? Hii ni ya nne sasa."

"Makasi, nimesema rudisha nyuma. Hapo ninapoinua kichwa. Simamisha."

Makasi, fundi wa kuhariri filamu, akasimamisha. Skrini ikajaa helmeti yangu. Ilikuwa helmeti ya pikipiki tu, ila kioo chake tulikibandika karatasi inayong'aa ili nifanane na mwanaanga. Karatasi ile ilinifanya mimi niliye ndani nisione kitu, na aliye nje ajione kama yuko kwa kinyozi. Kwa hiyo Jumatatu, siku tuliyopiga picha hii, nilisema maneno yangu gizani. Niliambiwa tu: simama hapa, tazama kule.

Sasa Jumatano ndiyo nilikuwa naona nilichokitazama. Ndani ya kile kioo, nyuma ya kamera, kulikuwa na watu wawili wadogo kama sisimizi. Mmoja alikuwa Jicho, mpiga kamera wetu. Wa pili alikuwa mchumba wangu. Uso wake umezama begani kwa Jicho, vidole vimekamata shati lake, na picha ikitembea, mwili unatikisika.

"Kuza."

"Nikikuza itakuwa vumbi tupu."

"Kuza hivyo hivyo."

Akakuza. Mkono wa Jicho ulikuwa mgongoni kwa mchumba wangu.

"Na sauti iko wapi?"

"Sina. Dairekta alisema sauti ya kipande hiki atakaa nayo mwenyewe."

"Atakaa nayo kwa nini?"

Makasi alikohoa, akashika kipanya kama mtu anayetafuta pa kujificha. "Bwana, mimi nakata na kuunganisha. Mambo ya ndoa siyahariri."

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na moja. Jua limekuwa kali mno, dunia inaungua, na fundi mmoja wa friji anapelekwa angani kutengeneza mtambo mkubwa wa kuipoza. Mafuta ya kwenda anayo, ya kurudi hana. Wazo lilikuwa la mchumba wangu, ambaye watu walimwita Dairekta kabla hata hajaongoza kitu. Fundi wa friji wa kweli nilikuwa mimi, chombo cha anga kilikuwa karakana yangu, na maneno ya kuiaga dunia nilitunga mimi, kwa vina na mizani, bila kufundishwa na mtu. Jumamosi kampuni moja ingetazama filamu fupi za waongozaji wasiojulikana na kumchagua mmoja apewe filamu ndefu. Dairekta alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa miaka sita. Wiki mbili baadaye ilikuwa harusi yetu.

Nikachomoa diski yenye filamu nzima kutoka kwenye kompyuta.

"Hee! Hakuna nakala nyingine, usiidondoshe!"

"Siidondoshi. Itanisaidia kupata ukweli."

*

Nilimkuta kazini kwake, kwenye studio ya picha za pasipoti, anamweka mzee mmoja kidevu sawa.

"Babu, shusha kidogo. Usitabasamu, hawaruhusu."

"Kwani nina cha kutabasamia?" mzee akajibu.

"Hata mimi sina," nikasema kutoka mlangoni.

Dairekta akageuka. "Mwanaanga wangu! Mbona umekuja saa hizi, friji zimepona zote?"

Nikasubiri mzee apate picha zake na kutoka. Kisha nikafunga mlango.

"Jumatatu, nilipokuwa naaga, ulisimama wapi?"

"Nyuma ya kamera. Ningesimama wapi?"

"Na Jicho?"

"Kwenye kamera."

"Mlikuwa mbalimbali au karibu?"

Tabasamu likamfifia polepole. "Umeona nini?"

"Tazama hapo. Asiye na kosa angeuliza nina maana gani. Wewe unauliza nimeona nini."

Simu yake, iliyolala mezani kati yetu, ikawaka. Sikuhitaji kuishika. Ujumbe ulitoka kwa Jicho:

"Bega bado linauma. Lakini usimwambie, ataumia. Tumalize Jumamosi kwanza."

Niliusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesomea wageni tangazo la msiba.

"Nieleze."

"Siwezi. Nipe mpaka Jumamosi jioni, nakuomba."

"Mnataka kumaliza nini, filamu au mimi?"

"Sijakusaliti. Naapa."

"Basi sema kilichotokea. Maneno mangapi hayo?"

"Machache. Ndiyo maana yanaogopesha."

"Vizuri," nikasema. "Diski ninayo mimi. Siku utakayosema ndiyo siku utakayoipata."

Akashika meza. "Hiyo ni miaka yangu sita."

"Na lile ni bega la mwanamume mwingine."

Nikatoka. Njiani nikampigia Shangazi, aliyejitwika maandalizi yote ya harusi.

"Shangazi, simamisha kadi."

"Kadi zipi? Nusu nimeshazigawa! Kuna nini, umemfumania?"

"Nimemwona kwenye helmeti."

"Kwenye nini?"

"Helmeti, Shangazi."

Nikasikia akivuta kiti.

"Mwanangu, umekula leo?"

Nikakata simu. Nilianza kuokota kila kitu kidogo na kukiweka pamoja. Kila picha ya filamu ile Dairekta aliirudia mara nane, mara kumi, mpaka Jicho analalamika mgongo. Ile ya kuaga tuliipiga mara moja tu. "Imetosha! Safi kabisa!" alisema, kisha akakimbilia nje. Nilipovua helmeti na kumfuata nilimkuta macho mekundu. Akaniambia ni vumbi. Na mimi nikaenda kumletea maji!

Na yule Jicho, kila akiniona, shemeji, shemeji. Ningejuaje kwamba anaweka pazia?

*

Alhamisi mchana Jicho akaja karakana, peke yake, bila kamera. Nilikuwa nimeinama nyuma ya friji.

"Shemeji, tuongee."

"Usiniite shemeji. Shemeji gani anampapasa mtu mgongo?"

"Nilimshika asianguke!"

"Alikuwa anaangushwa na nini?"

Jicho akatazama sakafu. "Muulize mwenyewe. Mimi nimeapishwa."

"Na hilo bega, linaumwa na nini?"

Hapo nadhani alifikiri amepata la kumwokoa. Akafungua vifungo viwili, akalivuta shati pembeni. "Ona kwa macho yako. Alining'ata."

Safu ya meno ya juu na safu ya meno ya chini, yote yalikuwa pale, yamegeuka kijani kama embe bichi. Nikainua spana.

"Siyo hivyo, shemeji! Siyo kung'atwa kwa namna hiyo!"

"Kwani kuna kung'atwa kwa namna ngapi?"

"Weka spana chini."

Dairekta alikuwa amesimama mlangoni. Mkono mmoja ameshika kinasa sauti, mwingine hedifoni. Alionekana hajalala.

"Nilikuwa tayari uniite msaliti mpaka Jumamosi," akasema, "kuliko usikie kilichomo humu. Lakini sasa umefika kwenye spana. Vaa."

"Ni nini?"

"Ni wewe. Na mimi. Siku ile. Ukishasikia hutaweza kunilaumu kwa jambo unalolifikiria. Utakuwa na jambo lako jipya."

Nikavaa. Nikamsikia yeye kwanza: "Kimya karakana nzima. Kamera. Anza." Halafu nikajisikia mimi.

"Ewe dunia azizi, nakuaga kwa machozi,
hewa yangu ni pumzi, sina tena usingizi..."

Kwenye karatasi mistari ile ilikuwa inawaka moto. Ndani ya helmeti, kila zi iligonga plastiki na kurudi. Zi. Zi. Zi. Nilisikika kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, tena nyuki mwenye huzuni kubwa na beti tano. Katika ubeti wa pili kuna mtu alikoroma puani kama anayezuia kitu. Ubeti wa tatu, shati likavutwa, mwanamume akaguna "aa!" kwa maumivu, kisha zikafuata pumzi fupifupi za mtu anayekufa kwa kicheko huku meno yake yamezama mahali.

Nikavua hedifoni.

"Ulinicheka."

"Ndiyo."

"Mwili wote ule kutikisika, kumbe kicheko."

"Kinasa kilikuwa karibu. Ningetoa sauti ningekuharibia. Sikuwa na cha kung'ata isipokuwa yeye."

"Nilihisi nyama inatoka," Jicho akasema taratibu.

"Wewe nyamaza." Nikamgeukia tena. "Unajua kwamba mle ndani nilikuwa nalia? Kweli kweli. Nilifikiri ni wewe ninayekuaga."

"Sikujua."

"Afadhali ungekuwa umembusu. Hilo ningejua la kulifanya."

"Najua. Ndiyo maana sikusema. Na kuna lingine. Maneno yako yote nimeyatoa. Mwanaanga wangu haongei. Ningekwambia baada ya Jumamosi."

Nikafungua droo, nikatoa diski, nikamwekea mkononi.

"Nilisema utakaposema utaipata. Chukua."

"Haitasaidia," Jicho akasema. "Picha ile haitumiki. Sisi wawili tumeonekana kwenye kioo, na Makasi hawezi kutufuta. Bila picha ya kuaga, filamu haina mwisho."

"Hayo ni yenu. Nendeni."

"Na harusi?" Dairekta akauliza.

"Nendeni, nimesema."

Wakaondoka. Kinasa sauti kilibaki juu ya friji.

Nilikaa nacho kama mtu anayekaa na nyoka. Kisha nikakiwasha. Mara ya kwanza nilikasirika upya. Mara ya pili nikaanza kusikiliza kama fundi anavyosikiliza kompresa, kutafuta panapogonga. Mara ya tatu nilipofika kwenye "hewa yangu ni pumzi" nikajiuliza, kwani hewa ya wengine ni nini? Kicheko kikanitoka puani, kikafuata cha tumboni, nikajikuta nimekaa sakafuni na machozi yananichuruzika.

Sikuwahi kukizima, kikaendelea peke yake. Ikasikika "Kata! Imetosha! Safi kabisa!", hatua za mtu anayekimbia, mlango. Kumbe alitoka na kinasa chake. Huko nje Jicho alikuwa anacheka kwa raha zake, na sauti ya mchumba wangu ikamkata kama wembe:

"Ole wako umcheke. Mwenye ruhusa ya kumcheka yule ni mimi peke yangu. Wewe ungeweza kuandika hata mstari mmoja? Kaa kimya."

Nikakirudisha kipande hicho mara nyingi kuliko nilivyomrudishisha Makasi. Kisha nikamwandikia Dairekta ujumbe:

"Njoo na kamera kesho saa mbili asubuhi. Na uje na bega lako mwenyewe la kung'ata."

Jibu likaja kabla sijaiweka simu mfukoni:

"Nakuja. Nimelia tangu jana, usinichekeshe tena nitapasuka."

*

Ijumaa asubuhi walitundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, na Jicho akajifunika nacho mpaka kichwani kama mwizi wa kuku. Mimi nikabandua karatasi kidogo upande wa chini, niweze kumwona Dairekta safari hii.

"Unanyamaza au unasema?" akaniuliza, akinifunga helmeti kidevuni.

"Nasema. Sentensi moja. Haina kina wala mizani."

"Ipi?"

"Utaisikia pamoja na kamera."

Alinitazama kwa mashaka, na alikuwa na haki. Akarudi nyuma, akasimama pembeni ambako kioo hakimwoni.

"Kimya karakana nzima. Kamera. Anza."

Nikainua kichwa. Niliiwaza dunia inayoungua na mtambo ule mkubwa unaonisubiri, na yeye amelala nyumbani na dirisha wazi kwa joto. Kazi yangu ni kupoza vitu. Sijui kazi nyingine.

"Ukisikia baridi asubuhi," nikasema, "ujue nimefika."

Basi. Nikasubiri aseme "kata". Hakusema. Kwenye ule upenyo nilimwona amesimama mkono mdomoni, hakuna kinachotikisika, machozi yanamshuka mpaka kwenye vidole.

"Dairekta," Jicho akanong'ona chini ya kitambaa. "Betri inakwisha."

"Iache ikwishe."

*

Jumamosi filamu kumi na nne zilioneshwa. Nilikaa safu ya mwisho, mikono katikati ya magoti, nikimtilia shaka kila aliyekohoa. Ilipofika yetu, sentensi ile ilipita, na ukumbi ukakaa kimya muda mrefu kuliko ulivyokaa kwa filamu zilizotangulia. Mama mmoja mbele yangu alivuta shali mabegani. Walipomtaja aliyechaguliwa, Dairekta hakusikia jina lake, mpaka Jicho akampiga kiwiko. Alimpiga kwa mkono wa bega lile lile, nadhani kwa kulipiza kisasi.

Nje, simu yangu ikalia.

"Mwanangu, nigawe kadi au nisigawe?" Shangazi akauliza. "Watu wananiona kichaa."

"Gawa zote, Shangazi."

"Na helmeti?"

"Helmeti imesafishwa."

"Mimi sielewi, lakini alhamdulillahi."

Dairekta alikuwa pembeni yangu, cheti mkononi, viatu mkononi kwa uchovu. Nikaona ndiyo saa ya kulisema langu.

"Ila siku ya harusi," nikamwambia, "nitasoma beti kumi na mbili. Nimeshaanza."

"Utasema neno moja tu. Ndiyo. Basi, unakaa."

"Hata hilo nitalitafutia kina."

Akacheka. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya watu wote waliokuwa wanatoka ukumbini, macho yake ndani ya macho yangu, wala hakutafuta bega la mtu.