Memori Ipi Imejaa?

Majirani walimwita Mama Mkasi, ingawa kazini kwake mkasi haukuwepo. Kazi yake ilikuwa kukata video. Alizipokea zikiwa ndefu na zimevurugika. Alitoa yasiyotakiwa, akaunganisha yaliyobaki, akaandika maneno chini ya picha. Siku moja jirani mmoja alisikia kwamba yeye ni fundi wa kukata, akamletea kitambaa cha gauni. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo jina likamganda.

Ofisi yake ilikuwa pembe ya sebule. Meza alitengenezewa na mumewe, ambaye ni fundi seremala. Juu ya meza kulikuwa na kioo cha kompyuta, spika mbili ndogo na kopo la kalamu. Chini ya meza lilikaa boksi lenyewe la kompyuta, jeusi, lililonunuliwa likiwa limeshatumika ofisini kwa watu. Kwa miaka mitatu boksi hilo lilifanya kazi bila kununa.

Sasa lilikuwa limeanza kununa. Akibonyeza ili video icheze, picha ilikwenda hatua mbili ikasimama. Sauti ilitangulia, picha ikafuata baadaye. Akianza kuhifadhi kazi, alipata muda wa kufua nguo, kuzianika, na hata kumtania mumewe.

"Imelala tena?" mumewe alimuuliza siku moja, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi.

"Ingelala ningeiamsha, baba watoto. Hii imezimia."

Walicheka, lakini kicheko cha Mama Mkasi hakikufika mbali. Alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote. Mwalimu wa shule ya watoto viziwi alirekodi masomo ya lugha ya ishara, ili watoto na wazazi wao wajifunze nyumbani. Mama Mkasi ndiye aliyeyahariri. Masomo mawili yalikuwa yameshatoka, na mengine ishirini yalikuwa yanasubiri.

Jumatatu moja mwalimu alikuja nyumbani. Alikunywa chai taratibu, kisha akaweka kikombe chini.

"Mama, nina neno. Usinielewe vibaya."

"Sema tu, mwalimu."

"Katika somo la pili, ishara ya 'kiu' imekatwa kabla mikono haijamaliza. Mwanafunzi wangu mmoja alijifunza hivyo hivyo. Akaenda nyumbani, akamwonyesha baba yake. Baba hakuelewa. Mtoto alikaa na kiu mpaka akalia."

Mama Mkasi alihisi uso wake unawaka.

"Kwa watu wengine hiyo ni kasoro ya picha," mwalimu aliendelea kwa upole. "Kwa mwanafunzi wangu ni neno lililokatwa mkono. Nakuomba somo la tatu liwe sawa. Nalihitaji Ijumaa ya wiki ijayo. Likitoka kama lile, itanibidi nitafute mtu mwingine, na sitapenda."

Mwalimu alipoondoka, Mama Mkasi alishika tama. Kosa halikuwa la uvivu. Picha iliganda kila mara, kwa hiyo hakuona ishara inaanzia wapi na inaishia wapi. Alikuwa anakata kwa kubahatisha.

"Hii kompyuta inaniaibisha," alimwambia mumewe. "Kila saa inaniandikia kwamba memori haitoshi. Memori imejaa!"

Mumewe alitikisa kichwa tu, akatoka.

Kesho yake alirudi mapema, akiwa ameficha kitu mgongoni na tabasamu limemjaa usoni.

"Mama watoto, funga macho."

Alifunga. Alipofumbua, mezani palikuwa na diski mpya ya nje, ndani ya boksi linalong'aa.

"Memori!" mumewe alisema. "Tera nne! Si ulisema imejaa? Hii hata wajukuu hawataimaliza."

"Umenunua kwa pesa ipi?"

"Ile tuliyoiweka kwa ajili ya kompyuta yako. Yote."

Mama Mkasi alimkumbatia, kwa sababu alifurahi kweli. Wakaichomeka diski. Wakahamishia masomo yote humo. Akabonyeza video icheze. Mikono ya mwalimu ilipanda kwenye kioo, ikaganda hewani. Kisha yakaja maneno yale yale: memori haitoshi.

Fundi seremala alijikuna kichwa mpaka vumbi likadondoka.

"Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema mwisho, kwa sauti ndogo.

Mama Mkasi alimwonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe. Pesa ilikuwa imekwisha, Ijumaa ilikuwa inakuja, na mwanamume mwenye mapenzi yake alikuwa amekaa pale kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kuuliza si ujinga," alisema. "Kesho tumwite Bi Ngoja Kwanza."

Bi Ngoja Kwanza alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Kwa miaka mingi alikuwa anatunza kompyuta za hospitali. Jina hilo alipewa kwa sababu mtu yeyote akimwambia "nataka kununua," jibu lake lilikuwa moja. Alikuja baada ya kazi, miwani ikining'inia kifuani.

"Dada, tusaidie," fundi seremala alimwambia. "Tunataka kununua kadi ya—"

"Ngoja kwanza, shemeji. Mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa." Akamgeukia Mama Mkasi. "Mdogo wangu, fungua kazi yako kama kawaida. Icheze. Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja."

Ukafunguka ukurasa wenye mistari inayopanda na kushuka.

"Hapa kompyuta inajisema yenyewe. Nisomee."

"Prosesa, asilimia arobaini na tano. Memori, asilimia tisini na saba. Diski, asilimia mia."

"Prosesa ndiyo inayofikiri. Ina nafasi ya kupumua, kwa hiyo iacheni. Tatizo lenu ni hivi viwili vingine." Bi Ngoja Kwanza alivaa miwani. "Kuna neno moja limewaponza. Watu tunaita kila kitu memori. Kadi ya simu, memori. Diski, memori. Lakini ndani ya boksi hili kuna vitu viwili tofauti. Kimoja ni RAM. Humo kompyuta inaweka kazi inayoifanya sasa hivi. Ukizima, inafutika. Kingine ni diski. Humo vitu vinakaa hata ukizima. Kompyuta ilipoandika memori haitoshi, ililia kwa ajili ya RAM."

Fundi seremala akapiga goti lake.

"Ala! RAM ni benchi langu la kazi. Diski ni stoo ya mbao!"

"Umenena."

"Kwa hiyo mtu amekosa benchi, mimi nimemjengea stoo!"

Bi Ngoja Kwanza alicheka mpaka miwani ikamtoka puani. Mama Mkasi naye alicheka, na safari hii kicheko kilimtoka moyoni.

"Sasa sikieni," alisema Bi Ngoja Kwanza. "RAM yenu ni giga nane. Ikijaa, kompyuta inashusha kazi kwenye diski, inaipandisha, inaishusha tena. Na diski iliyomo humu ndani ni ya zamani, ya kuzunguka. Ni ya polepole. Hapo ndipo picha inapoganda. Mnahitaji RAM ifike giga kumi na sita, na diski ya aina ya SSD, ambayo haizunguki na ni ya haraka. Mfumo wa kompyuta na kazi ya wiki hii vikae kwenye SSD. Kazi za zamani zikae kwenye ile ya kuzunguka."

"Lakini pesa hatuna," Mama Mkasi alisema.

"Risiti mnayo?"

Fundi seremala aliipekua mifukoni, akaitoa ikiwa imejaa vumbi. Chini yake iliandikwa: kubadilisha bidhaa ni ndani ya siku saba, pesa hairudishwi. Hiyo ilikuwa siku ya pili.

"Basi mmepona. Rudisheni masomo mlikoyatoa, halafu hakikisheni yote yanafunguka. Baada ya hapo ndipo mfute kwenye diski hii." Walipomaliza, akasema, "Sasa zima kompyuta. Chomoa waya wa umeme. Kabla ya kugusa cha ndani, gusa chuma cha boksi, umeme wa mwilini ushuke. Huo ni mdogo, lakini unaweza kuua RAM."

Walifungua ubavu wa boksi. Ndani vumbi lilikuwa limetanda kama blanketi. Fundi seremala alileta brashi yake laini, ambayo ilikuwa haijagusa rangi, akasafisha polepole. Bi Ngoja Kwanza aliwaonyesha RAM. Ilikuwa moja tu, na pembeni yake palikuwa na nafasi tupu.

"Piga picha lebo yake. RAM zina vizazi, na ya kizazi kingine haiingii hapa."

Kesho yake walikwenda dukani wote watatu. Mwenye duka alinung'unika kidogo, lakini risiti ilikuwa yake mwenyewe. Akaleta RAM ya giga nane. Mama Mkasi aliitazama, akatazama picha kwenye simu.

"Kaka, mbona hii ni fupi? Yangu ni ndefu."

"Aa, hiyo ni ya laptopu. Samahani." Akaleta ndefu. Lebo zikalingana.

Bi Ngoja Kwanza alimtazama Mama Mkasi kwa jicho la pembeni, akatabasamu.

Wakachukua na SSD ya giga mia tano. Bado diski waliyoirudisha ilikuwa na thamani zaidi. Mwenye duka aliliona hilo. Akatoa kadi ya picha, ile inayoisaidia kompyuta kuchora picha nzito, yenye feni mbili na taa za rangi.

"Ongezeni kidogo tu, mchukue hii. Mhariri bila kadi ya picha ni dereva bila gari!"

Macho ya fundi seremala yaling'aa pamoja na zile taa. Mkono ulianza kwenda mfukoni.

"Ngoja kwanza," ilisikika sauti. Safari hii haikuwa ya Bi Ngoja Kwanza. Ilikuwa ya Mama Mkasi. "Hii inakula umeme kiasi gani?"

"Ina waya wake wa umeme, dada."

"Kwenye boksi langu sikuona waya wa ziada. Na boksi lenyewe ni jembamba. Itaingia?"

Mwenye duka alisita. "Ungebadilisha na pawa saplai, ile inayogawa umeme humo ndani. Na pengine boksi."

"Halafu mimi nakata na kuandika maneno tu. Sirushi watu angani kama kwenye filamu." Alimrudishia kadi. "Ile thamani iliyobaki tupatie diski ya nje ya tera moja. Kila kazi nataka niwe na nakala mbili."

Fundi seremala aliutoa mkono mfukoni, akajifanya alikuwa anatafuta kitambaa.

Walifunga vifaa siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu. RAM iliingia kwenye nafasi yake, vishikizo vikalia ta! SSD ikaunganishwa kwa nyaya zake. Bi Ngoja Kwanza alitumia programu ya kunakili ili kuhamisha mfumo wote kutoka diski ya zamani. Kisha akawaonyesha jambo moja la bure.

"Kabla ya kuhariri, iambie programu yako itengeneze nakala nyepesi za video. Unakata kwenye nakala nyepesi. Ukihifadhi mwishoni, programu inatumia zile halisi. Hili ungelifanya hata kabla ya kununua chochote. Anza na cha bure siku zote."

Mama Mkasi alibonyeza. Mikono ya mwalimu ilipanda kwenye kioo. Haikuganda. Ilizunguka, ikagusana, ikashuka, ikatulia. Alirudisha nyuma, akatazama tena. Kwenye ule ukurasa wa mistari, memori ilikuwa asilimia sitini na diski ilikuwa imetulia.

"Kumbe ndivyo anavyomaliza," alisema taratibu. "Sikuwahi kumwona akimaliza."

Mumewe alivuta kigoda, akakaa kando yake.

Siku zilizofuata alifanya kazi kwa utulivu. Kila ishara aliitazama tangu mikono ilipoanza kupanda mpaka iliposhuka. Hapo ndipo alipokata. Alhamisi ya wiki iliyofuata, kabla ya chakula cha mchana, somo la tatu lilikuwa tayari.

Ijumaa mwalimu alimwita shuleni. Darasa lilikuwa limefungwa mapazia, na somo lilirushwa ukutani. Watoto walikaa kwenye mabenchi, macho mbele. Mikono ya mwalimu ukutani ilipopanda, mikono yao nayo ilipanda. Iliposhuka, nayo ilishuka. Mama Mkasi alisimama nyuma karibu na kompyuta ya shule. Mwalimu alimsogelea.

"Yaliyobaki kumi na tisa ni yako," alimnong'oneza. "Wala usiniulize mara mbili."

Somo lilipoisha, mtoto mmoja wa benchi la mbele aliinuka. Alipita katikati ya wenzake mpaka kwa Mama Mkasi. Alimtazama usoni, akafanya ishara moja. Mwalimu alifungua mdomo ili atafsiri.

"Tena," Mama Mkasi alimwahi. "Anasema tena."

Mwalimu alishangaa. Mama Mkasi naye alijishangaa. Hakuna aliyemfundisha. Ila ishara hiyo alikuwa ameitazama mara arobaini wiki ile, mwanzo wake na mwisho wake, akitafuta mahali pa kukata na kuandika neno lake chini. Machozi yalimlengalenga, na hakuona haya. Aliinua mikono yake mwenyewe, akamjibu mtoto kwa ishara ile ile mpaka mwisho.

Mtoto akacheka, akakimbilia benchi lake. Mama Mkasi akalirudisha somo mwanzo.