Riale ya Bibi

Jua lilikuwa linazama Melania alipofika Gulfton kuchukua mzigo kwa Severin, aliyerudi juzi kutoka Tanga. Nafasi ya kuegesha hakuna, na nyuma watu wanapiga honi. Akamtuma bintiye Precious, wa miaka kumi, akaupokee.

Mtoto akarudi na mfuko wa dagaa, na sarafu kubwa nyeupe mkononi. Melania akamwambia aiinue, akampiga picha, akamtumia Shangazi Joyceline: mzigo umefika. Ndivyo wafanyavyo wote ughaibuni. Usipotuma picha, nyumbani watasema mzigo umeliwa.

Walikuwa wameshashika barabara kuu ya kurudi nyumbani Katy aliposikia harufu ya udi. Akashusha kioo.

Harufu ikazidi...

Simu ikalia. Tanga ilikuwa saa kumi alfajiri.

"Shikamoo, Shangazi."

"Mkono wa nani huo kwenye picha?" Shangazi akanong'ona.

"Wa Precious. Nilikosa parking, nikamtuma yeye."

Shangazi akaanza kulia.

Alieleza kwa kukatakata maneno. Ile ilikuwa riale ya fedha ya marehemu Bibi, yenye sura ya malkia wa Ulaya na mwaka 1780, aliyoivaa shingoni mpaka anakata roho. Pepo wa ukoo huifuata riale hiyo. Anayeipokea kwa mkono wake ndiye anayekuwa kiti chake, mwili wa kukaliwa. Bibi aliagiza apewe Melania, na Shangazi alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba kumwonya asiiguse mtu mwingine. Melania hakuusikiliza. Nani ana dakika saba za kumsikiliza shangazi?

Akapeleka mkono nyuma, macho barabarani.

"Precious, mwanangu, nipe hiyo sarafu. Mpe mama."

Precious tangu azaliwe hujibu kwa Kiingereza tu.

Kitu cha baridi kikamgusa kiganjani.

Si sarafu.

Vidole. Vikavu, vyenye mikunjo.

"Wewe nilikuomba uwe kiti changu miaka yote, ukanikimbia mpaka huku," sauti ikasema taratibu kutoka nyuma, kwa Kiswahili safi cha Tanga. "Huyu nimemwomba mara moja tu, akakubali."

Melania akamwita mwanawe kwa jina, tena na tena. Hakuitikiwa. Alitaka kuegesha pembeni, akashindwa. Gari likisimama, ingembidi ageuke amtazame.